Hakuna Kisanduku cha "Hakuniambia"

Miaka kumi na tisa nimefua mashuka ya hospitali. Najua damu hutolewa kwa maji baridi, ukiweka ya moto umeipika. Najua shuka la mgonjwa wa kuhara halikai pipa moja na la mama aliyejifungua. Kila shuka lina uzi pembeni: mwekundu ni wodi ya wazazi, bluu ni ya watoto, kijani ni chumba cha upasuaji. Ukichanganya nyuzi, umechanganya wagonjwa. Mimi sijawahi kuchanganya. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna faili mahali limeandikwa kwamba sijui kitu.

Anayeshika kalamu ni binti yangu aliyeolewa. Nimemwambia asinipunguzie makali.

Shule nilisoma miezi minne. Mdogo wangu alipofika umri wa kuanza, ilibidi mmoja wetu abaki nyumbani na maji na kuni, na huyo mmoja hakuulizwa. Sare yake ya kwanza niliifua mimi, na ya mwisho pia. Leo ana ofisi yenye mapazia, na ukoo mzima unamwita Profesa, ingawa hajawahi kufundisha hata kuku kurudi bandani.

Mama yetu anaishi kwangu. Ana presha, ana sukari, na moyo wake unakwenda kama mtu anayekumbuka kitu njiani. Dawa zake nilizipanga kama nilivyofundishwa na kazi. Nilishona vifuko vinne vya kitambaa. Uzi mwekundu ni presha, asubuhi. Bluu ni sukari, baada ya kula. Kijani ni moyo. Mweusi ni ile ya kulalia. Miaka mitatu hakuna kidonge kilichopotea njia.

Mwezi uliopita nilikwenda dirisha la dawa. Mtoa dawa alinisukumia pakiti bila kuinua kichwa. Vidonge vya presha siku zote vilikuwa vyeupe, vidogo. Hivi vilikuwa pinki. Nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akajibu, "Imeandikwa hapo, mama. Anayefuata!"

Kwetu kwenye kufua, rangi haidanganyi. Rangi mpya ni wodi mpya. Nikaona hii ni dawa mpya aliyoongezewa, nikashona kifuko cha tano, uzi wa njano. Vyeupe vilibaki kumi, na vyeupe sikuviacha, kwa sababu hakuna aliyesema viachwe. Siku ya nne Mama akaanguka mlangoni na ndoo mkononi. Kumbe pinki na nyeupe ni dawa ile ile, kiwanda tofauti. Nilikuwa nampa mara mbili, kwa mkono wangu mwenyewe, na maji ya kusukumia.

Mama alipona. Lakini daktari aliandika kwenye faili, na nesi akamsomea Profesa mbele yangu: "Mlezi hana elimu, hakuelewa maelezo." Maelezo yapi? Niliwauliza wote wawili. Nesi akatazama saa. Profesa akatazama viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata Profesa akaja kumchukua Mama akakae kwake. Alikwisha kumvisha viatu, na begi lilikuwa mlangoni. Mama ameketi kitandani, mikono mapajani. Ndipo mlango ukabishwa. Msichana mwenye kitambulisho shingoni na kile kisimu kipana akasema anatoka kwenye utafiti wa taifa. Wanapima watu wazima wanaelewa kiasi gani mambo ya afya yao. Nyumba zimechaguliwa kwa bahati nasibu, na ndani ya nyumba mashine huchagua mtu mmoja wa kuulizwa. Ikanichagua mimi.

Profesa akacheka. "Basi umekuja kwa wakati wake. Mpime kabisa, nami nisikie. Akishinda, mama yetu abaki."

"Kaka, hii si mashindano," msichana akasema.

"Kwake ni mashindano," nikamwambia. "Uliza."

Akauliza. Je, kwangu ni rahisi sana, rahisi, vigumu au vigumu sana kuelewa anachoniambia mtoa huduma kuhusu dawa?

"Hakuniambia kitu. Hiyo ni rahisi au vigumu?"

Akakuna kichwa. "Hapa hakuna kisanduku cha 'hakuniambia', mama. Chagua kimoja kati ya hivi vinne."

"Kutoelewa kwangu kuna visanduku, kunyamaza kwao hakuna?"

"Mimi sikutunga maswali, mama."

"Najua. Aliyetunga hajawahi kupanga foleni."

Tukaendelea hivyo maswali mengi, naye akibonyeza, sijui anabonyeza nini. Kisha akatoa kadi yenye lebo ya dawa. Natakiwa nisome mwenyewe, halafu aniulize. Nikamwambia sisomi. Akabonyeza mara moja tu, maswali matatu yakapita.

"Umeandika nini?"

"Hajui kusoma. Inaruka yenyewe, inaweka sifuri."

Profesa akaichukua kadi. Alisoma kwa ile sauti yake ya mikutano: kidonge kimoja kila baada ya saa sita, usinywe tumbo likiwa tupu.

"Sasa niulize," nikasema. "Nimesikia. Masikio hayakuacha shule."

Msichana akasita, akauliza. Ukimeza cha kwanza saa moja asubuhi, vinavyofuata utameza lini?

Profesa akanitangulia, kama kawaida yake. "Asubuhi, mchana, jioni. Mara tatu. Mtoto mdogo anajua."

"Saa saba mchana," nikasema. "Saa moja jioni. Saa saba usiku. Hivyo ni vinne, na cha usiku kuna mtu anaamka kumpa. Mtu huyo siku zote si wewe, mdogo wangu."

Mama akakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. Msichana akasema nimepatia yote.

"Basi iandike."

"Mashine imeshapita, mama. Hairudi nyuma."

Nikachukua vifuko vya Mama, nikavimwaga mezani mbele ya Profesa. Na mimi nina utafiti wangu, nikamwambia. Nikainua kifuko cha bluu. "Hii nini?"

Akatoa pakiti, akalisoma lile jina refu bila kujikwaa.

"Sikukuuliza jina. Inamtibu nini?"

"Presha... au moyo."

"Sukari. Sasa: Mama kaamka anatapika, hajala kitu. Ipi humpi?"

Akaigeuza pakiti, akatafuta nyuma.

"Mdomo ukimtetemeka na jasho jembamba shingoni, unafanya nini kwanza?"

"Nampeleka hospitali. Dada, haya mambo wifi yako atayasoma, kila kitu kimeandikwa."

"Kwanza unampa maji yenye sukari, ndipo unatafuta gari! Ukimpakia hivyo hivyo utafika na maiti. Na ile pinki niliyopewa mimi, si nayo iliandikwa kila kitu? Iliishia wapi?"

"Usinipigie kelele."

"Nimenyamaza tangu ulipovaa sare, Profesa. Leo sinyamazi."

"Jibu basi, mwanangu," Mama akamwambia, kwa upole wa kuua. "Dada yako amekuuliza matatu."

Akairudisha pakiti mezani. Mama akanyoosha mguu wake mbele yake, ule uliovimba.

"Nivue viatu," akasema. "Vinanibana."

Alimvua yeye mwenyewe, Profesa, amepiga magoti. Kisha akaondoka akisema tutajuana wenyewe. Tumejuana siku nyingi.

Msichana alikuwa bado yupo. Akasema mwishoni kuna nafasi ya mdadisi, yaani yeye muulizaji, kuandika maneno yake. Nikamwambia aandike: alipewa rangi nyingine bila kuambiwa, alipouliza hakujibiwa. Nikamfanya anisomee mara tatu. Lakini sifuri yangu ilikwenda na mashine. Siku moja mkubwa fulani atasimama atangaze asilimia ya watu wazima wasioelewa, na mimi nimo humo. Mtoa dawa hamo popote.

Kwa hiyo nampima mwenyewe. Kila mwezi nafika dirishani na vifuko vyangu, navimwaga pale pale kwenye kizingiti cha dirisha, cha zamani kushoto, kipya kulia.

"Hii ni ile ile, au ni nyingine? Na ya zamani niiache au niendelee?"

"Mama, kuna watu nyuma yako."

"Nawaona. Na wao hujawaambia. Inua kichwa unijibu."

Nyuma wananigunia. Waache wagune. Juzi kikongwe mmoja akaacha kuguna, akafungua mkoba wake, akatoa pakiti mbili na kuzishika mkononi, akisubiri zamu yake.