Kikuku cha Papa Amisi

Mwanangu, ile siku siitafuti. Yenyewe ndiyo inanifuata. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Watu wa mtaa wetu walikuwa wametoka na majembe na mapanga kufanya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, nami nilikuwa nimesamehewa kwa sababu eti nina kazi ya maana zaidi. Nilikuwa nimesimama mbele ya sanduku la kioo lililojaa maji ya chumvi, katika nyumba ya mkubwa mmoja wa Chama kilichotawala, huko Makiso katikati ya mji, na nikaona manyoya yote yamelala chini kwenye mchanga.

Najua utaniuliza, manyoya gani, koko, bibi yangu? Ngoja basi, nirudi nyuma kidogo.

Kisangani yetu haina bahari. Tuna mto mpaka macho yachoke, tuna Wagenia na mitego yao kwenye maporomoko, lakini bahari tuliiona kwenye ramani ya shule tu. Sasa wakubwa wa Zaire ya wakati ule walikuwa na ugonjwa wa kutaka kitu palepale ambapo hakipo. Mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Patron, alitaka bahari sebuleni. Chumvi yake ililetwa kwa ndege ndani ya magunia, samaki wakaja ndani ya mifuko ya plastiki, na pamoja nao minyoo sita. Ndiyo, minyoo, usikunje uso! Kila mmoja anaishi ndani ya kibomba laini anachojijengea mwenyewe kwa ute na tope, na juu anatoa shada la manyoya mekundu na meupe la kunasia chembe za chakula zinazopita majini. Kivuli cha mkono kikipita, hop, shada lote linaingia ndani. Sisi watu wa kazi tuliwaita plumo, jina la ule ufagio wa manyoya wa kupangusia vumbi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na diploma ya biolojia na kemia iliyonifanya nitembee shingo juu. Patron aliniajiri nitunze lile sanduku. Mwenzangu alikuwa Papa Amisi, mzee wa familia ya Waislamu wa siku nyingi hapa mjini, aliyefanya kazi katika nyumba ile kabla hata Patron hajahamia. Kifaransa hakujua kukisoma. Lakini umeme ulipokatika na pampu ikanyamaza, ni yeye aliyechota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, kwa muda wa saa mbili, hata tatu, ili hewa iingie na samaki wasife. Ni yeye aliyetwanga kamba wadogo wa mtoni, akawachuja kwa kitambaa, akawalisha plumo ule mchuzi tone kwa tone. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo na kuandika daftarini. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma.

Mkononi Papa Amisi alivaa kikuku cha shaba kwa ajili ya maumivu ya viungo, kama wazee wengi wa hapa. Alikivaa tangu ujanani na mkono ulikuwa umenenepa, hakivuki tena. Kila asubuhi alizamisha mkono huohuo kupangusa kioo kwa ndani, mwaka mzima, na plumo walikuwa wazima tu.

Basi, wiki ile samaki walishikwa na madoa meupe mwilini, na Jumapili Patron alikuwa anangojea wageni kutoka Kinshasa. Kabatini kulikuwa na chupa ya dawa ya buluu. Ijumaa nikasoma kipimo, nikahesabu matone, nikatia. Papa Amisi alikuwa amesimama na ndoo yake.

“Mama,” akaniuliza, “ile karatasi umeisoma yote? Dawa ya mbuzi haiko dawa ya kuku.”

“Papa, mimi nimesoma shule.”

Akacheka tu, mzee wa watu. “Bon. Mwenye shule iko weye.”

Ndiyo Jumamosi ikafika, na manyoya yakawa chini. Nilikimbilia ile karatasi, na sasa nikaisoma mpaka mwisho. Dawa ina shaba ndani yake. Isitiwe kamwe penye konokono, kamba wala minyoo. Ilikuwa mistari miwili midogo chini kabisa, na mimi nilikuwa nimesoma ya juu nikatosheka. Nikaikunja ile karatasi nikaificha ndani ya sidiria yangu.

Patron akaingia na abakosti yake, lile koti la wakubwa wa Zaire wasiovaa tai, limepigwa pasi. Akatazama sandukuni, kisha akauliza, “Alors? Nani ameua plumo zangu?”

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Palihitajika maneno matatu tu: ni mimi, Patron. Lakini niliogopa. Niliwaona akilini mama yangu na wadogo zangu wanaokula kwa kazi ile, nikajiona mwenyewe nimefukuzwa na diploma yangu mkononi, na hapohapo elimu niliyojivunia ikaniletea jibu.

“Ni shaba, Patron,” nikasema. “Shaba inaua viumbe hivi. Na Papa Amisi anatia mkono humu kila siku na kikuku chake.”

Kila neno hapo lilikuwa la kweli. Ndiyo maana mpaka leo nayachukia maneno yale kuliko uongo wowote niliowahi kusema.

Mzee akaitwa, akaja anajipangusa mikono.

“Ni kweli unatiaka mukono humu na ile shaba?”

“Ndiyo, Patron. Kila asubuhi, kwa kupangusa vitre.” Kisha akanigeukia, hana wasiwasi hata chembe. “Uliza huyu mutoto, iko na shule. Atakuelezea vizuri.”

Alikuwa ananingoja nimtetee! Nami nikatazama miguu yangu.

Patron aliogopa kuaibika mbele ya wageni, na aibu ya mkubwa lazima ipate mtu wa kuibeba. Akasema ni sabotaji, hujuma ya makusudi. Siku zile neno hilo lilitosha, hakuna aliyeuliza la pili. Askari wawili wa getini wakamshika, na mmoja akajaribu kukivuta kile kikuku kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka. Papa Amisi alipofika mlangoni aliniambia, “Mama, usisahau, umeme ikikatika, uchote maji.”

Mke wake, Mama Zaina, alikwenda kila asubuhi na sahani ya wali na sombe ya majani ya muhogo pale walipomfungia. Sahani waliipokea, kama mwenyewe alikula, Mungu ndiye anajua. Alilia, aliomba, alipiga magoti mbele ya watu wadogo kuliko wanawe, lakini dua la kuku halimpati mwewe. Mimi nilijiambia watamwachia baada ya siku mbili tatu. Niliamini hivyo kwa sababu bila kuamini hivyo nisingeweza kumeza chakula.

Patron aliniagiza nivitupe vile vibomba. Nikavitoa vyote sita, vimelegea, nikavipeleka nyuma ya nyumba. Sikuvitupa. Nilivitia kwenye ndoo ya maji mapya ya chumvi nikaifunika, na kila siku mbili nikawa nabadilisha maji. Usiniulize kwa nini. Labda mkono una haya kuliko mdomo.

Siku ya kumi na saba nikafunua ndoo. Juu ya kibomba kimoja palikuwa na kitu laini, kama nywele za mtoto mchanga. Nikapitisha mkono juu yake. Hop, kikaingia ndani. Kibomba cha pili nacho vilevile. Wanne walikuwa wameoza, lakini wawili walikuwa hai, mwanangu! Mnyoo ule akidhurika huliangusha shada lake, akajificha ndani, akaotesha jingine polepole. Tungesubiri kabla ya kulia msiba, tungeliona hilo. Mimi mwenye diploma sikulijua.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu kubwa silo lile unalolifikiria. Kumtaja mzee ilikuwa woga wa dakika moja, na woga wa dakika moja kila binadamu anao. Asubuhi ile nilikuwa na ndoo mkononi na Patron alikuwa mezani anakunywa kahawa. Ningeingia, nikasema wako hai, hakuna aliyeua kitu, mtoeni mzee. Sikuingia. Nilijiambia, acha manyoya yakue kwanza, yapendeze, Patron afurahi asiulize maswali mengi. Nikangoja siku nne. Nilikula, nilioga, nilikwenda kusukwa nywele, na Papa Amisi yuko ndani.

Siku ya tano nikaipeleka ndoo. Patron alicheka mpaka akapiga makofi. “Oh la la! Ziko bazima!” Akamwita mkewe aje aone.

“Na Papa Amisi, Patron?”

“Papa Amisi nani?”

Alikuwa amemsahau. Sikumwona amekasirika wala kuona haya. Alikuwa amemsahau tu. Akaandika kikaratasi palepale, haikuchukua hata dakika, akampa dereva. Kabla ya saa sita dereva akarudi na kile kikaratasi bado mkononi.

“Alikufa juzi,” akasema. “Kuhara. Wameshamuzika.”

Juzi. Hesabu mwenyewe, mwanangu, mimi nimekwisha kuhesabu maisha yangu yote.

Niliacha kazi siku ileile. Matangani sikukanyaga. Ilipopita arobaini ndipo nikaenda kwa Mama Zaina, nikamkuta uani anachambua mchele. Nikamweleza yote: dawa, karatasi, kikuku, ndoo, zile siku nne. Hakuinua macho.

“Ulijua tangu siku ya kwanza?”

“Tangu siku ya kwanza, mama.”

Akaendelea kuchambua. Mwishowe akasema, “Alikuwa anakusifu hapa. Eti ule mutoto atafika mbali. Mi sitakulaani, nimechoka. Lakini usiniombe musamaha. Ile iko ya Amisi, na Amisi haiko tena. Rudi kwenu.”

Nikarudi kwetu. Sasa ni mzee, nimezika mume, nimelea wajukuu, na watu huja kuniomba ushauri kana kwamba nina hekima. Hekima yangu yote ni hii. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka na jasho linakutoka. Usingojee kosa lako lipendeze kwanza ndipo ulitoe nje. Wewe unapongoja, yuko mtu ndani anayekulipia. Elimu yako usiifanye fimbo ya kumpigia asiyejua kusoma. Na mnyonge akikugeukia mbele ya mkubwa, akingoja useme neno, inua uso useme, hata ukifukuzwa. Kazi nyingine hupatikana, mwanangu. Mimi mwenyewe nilipata nyingine mwezi uliofuata.

Sogea sasa, nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe maisha marefu na nyumba yenye watu. Akupe ulimi mzito unapotaka kujiokoa, na mwepesi unapotaka kukiri. Na katika miaka yako yote akuepushe na mlango mmoja tu, ule utakaoubisha kuomba radhi, ukakuta mwenye kukusamehe amekwisha kuzikwa. Amina.