Kadi Tatu Ukutani

Siku ya pili ya mafunzo ya ulinzi wa watoto pale Mikumi, mkufunzi alitugawia kadi tupu. Kila mmoja aandike, bila jina, mtoto mmoja anayemkosesha usingizi, na nani anamfuatilia. Mimi ni nesi wa zahanati, na kusema kweli nilikuwa nawaza chapati za chai ya saa nne. Niliandika harakaharaka: msichana wa darasa la tano, Tindiga, ameacha kusema tangu mafuriko, ana alama za wembe mkononi. Nimempa rufaa kwa afisa ustawi wa jamii.

Sikuandika kwamba siku ile alipokuja zahanati alinitazama tu bila kusema shikamoo, nami nikamfokea mbele ya foleni nzima: "Kwenu hamfundishwi adabu?"

Mkufunzi alizibandika kadi ukutani, akazisoma, kisha akazisogeza tatu pamoja. Ya pili ilikuwa ya mwalimu wake: hasemi, yuko kwa nesi. Ya tatu ya afisa ustawi: mwalimu anamwangalia kila siku.

Mwalimu alisimama. "Mbona mimi hii wiki ya tatu sijamwona? Nilijua mmemlaza."

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi hatukuwa na nahodha hata mmoja.

Afisa ustawi alipiga simu ya mama mtu. Haipatikani. Akarudia. Nilimwambia aache, sikuweza kuisikia tena ile sauti.

Mkufunzi alitupatia gari. Njia nzima hadi Kilosa niliogopa kuchelewa, na niliogopa kufika. Tulipoiacha Kilosa na kushika njia ya Tindiga, nilianza kutafuta turubai. Nilijua kwamba nikiliona turubai na viti vya plastiki uwanjani kwao, basi tena.

Na kweli nililiona, la bluu, mbele ya nyumba yao. Nilimshika mwalimu mkono kwa nguvu hadi akaguna. Gari liliposogea nikaona limetandazwa chini, limeanikiwa mpunga.

Mama yake alikuwa anapepeta. Alitutazama mmoja mmoja tukishuka, nesi, mwalimu, afisa ustawi, akauweka ungo chini.

"Mmekuja wote?" aliuliza. "Nani kafa?"

Mtoto alitokea nyuma ya nyumba, mzima, amevaa sweta la mikono mirefu kwenye jua lile. Nilitaka kulia kwa furaha. Ndipo aliponiona. Midomo yake ikahangaika, inatafuta shikamoo na haiipati.

"Usiniamkie, mwanangu," nikamwambia. "Leo sisi ndio tumekuja kukusalimia."

Hakuniamini. Alijificha nyuma ya mama yake, na midomo bado inajaribu.