Dada Miayo na Maji Yasiyokuwepo

Saa tatu asubuhi, mzee mmoja fundi kufuli anapiga mwayo, na Dada Miayo tayari yuko mbio.

Si usingizi. Kwenye chumba hiki cha kusafishia damu, mwayo unaweza kuwa presha inashuka. Mgonjwa anapiga mmoja, anapiga wa pili, halafu macho yanapinduka. Ndiyo maana wagonjwa walimpa muuguzi huyu jina hilo. Ukipiga mwayo hata wa uvivu, anakufuata na kipimo.

Anakilaza kiti, anainua miguu ya mzee, anaizuia mashine isiendelee kuvuta maji, anafungua dripu. Mzee anarudi, lakini sasa shavu la mguu limekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

“Leo ndiyo mwisho,” mzee anasema, anasaga meno. “Nimeshamwambia mke wangu. Bora nife nimenyooka.”

“Ukifa nitakunyoosha bure,” Dada Miayo anamjibu huku akiusukuma unyayo wake. “Kazi ni ukiwa hai.”

Utani tu, ila wote humo ndani wanajua. Figo za mzee zimegoma kabisa. Akiacha kuja, mwezi haumalizi.

“Wiki ya tatu hii anakazwa,” Dada Miayo ananieleza pembeni, mimi mgeni wake. Kazi hii anaifanya mwaka wa tisa sasa. “Mtu akinywa sana nyumbani, tunavuta maji mengi, mwili unagoma. Lakini huyu anaapa hanywi. Sisi tukajua anatudanganya.”

Anachukua koti ambalo mzee alilivua ili achomwe sindano, amfunike miguu. Mkono unashuka nalo.

“Baba, humu umebeba kinu?”

“Vyombo vya kazi. Koleo, nyundo, funguo za watu. Siku hizi natokea kazini moja kwa moja. Nikiviacha nje vinaota miguu.”

“Na kwenye mizani unapanda nalo?”

“Si kuna baridi.”

Basi. Hapa mgonjwa anapimwa uzito kwanza, na kilo zilizozidi uzito wake wa kawaida zinahesabiwa kuwa maji, mashine iyatoe. Koti lina karibu kilo mbili.

“Yaani tumekuwa tukikamua maji ya koleo,” Dada Miayo anasema, anakaa chini.

“Shemeji,” mama wa kiti cha pili anamwambia mzee, “siku ukija na mlango je?”

Chumba kinacheka. Mzee hacheki. Anaondoka akichechemea, bila kuaga.

Siku yake nyingine inafika, kiti chake kitupu. Dada Miayo anapanga sindano, anatazama mlango, anapanga tena zilezile. Mwishowe mzee anaingia, mkewe nyuma yake kama askari.

“Huyu hapa,” mke anasema. “Nimemwambia leo hakazwi.”

“Mama, hilo siwezi kuahidi. Misuli inaweza kukaza, kichwa kikauma, presha ikashuka. Ninachoahidi ni kwamba nitakuwa hapa.”

“Basi na mimi nakaa hapahapa.”

Mzee anapimwa bila koti, na masaa manne yanaisha. Mguu umetulia. Mzee analalamika redio iko chini, dirisha liko wazi, na Dada Miayo ana mikono ya baridi.

“Mashine hii haiponyi figo, najua,” Dada Miayo ananiambia akimtazama mzee. “Na sitaki anishukuru. Nataka anichoke. Azeeke hapahapa akinilalamikia, miaka na miaka.”