Mama Mkwe Mgongoni

Ghorofa letu hapa Kasulu lina desturi zake. Umeme ukikatika, pampu nayo inakata roho, kwa hiyo kila nyumba ina ndoo za maji ukutani, na ndoo hizo ndizo zinazotupa habari za ardhi. Maji yakitetemeka tu, ni lori la mizigo linaelekea Kibondo. Endelea na chai yako. Yakimwagika, kimbia.

Mimi niliyehamishiwa huku kikazi nilikuja na desturi yangu. Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hata macho hawakutanishi. Sasa mke wangu akajifungua, mama yake akaja kumsaidia kulea, akafikia kwenye vyumba vyetu viwili, ghorofa ya juu kabisa. Hebu fikiria! Akitoka chumbani, mimi nakimbilia kibarazani. Akiwa na neno nami, analipitishia kwa mtoto: "Mjukuu wangu, mwambie baba yako chai ipo mezani." Mtoto anapiga chafya, nami naushukuru ukuta. Na goti lake ni bovu. Tangu apande, hakuwahi kushuka hata kuota jua.

Jioni moja umeme ukakatika kama kawaida. Mke wangu alikuwa ameshuka na mtoto kwa jirani wa chini, mama mwenye asili ya Burundi anayeuza maharage. Ndipo ndoo zikamwagika, zote kwa mpigo. Sakafu ikacheza, sufuria zikaporomoka. Majirani wakashuka kwa vishindo, na yule wa maharage nikamsikia huko chini akimwita Mungu wake kwa Kirundi na kututaka sote tutoke: "Mana yanje! Tokeni mwese!"

Tukabaki wawili juu. Niliogopa kweli. Huyu mama akiumia hapa, nitamtazamaje mke wangu? Nikampa mgongo, nikachuchumaa. Mtoto wa kupitishia maneno hakuwepo.

"Giza hili, nani atatuona?" nikauambia ukuta.

"Haya," naye akaujibu ukuta uleule, akapanda.

Ngazi zetu hazina dirisha. Nikashuka nikipapasa, heshima yetu ikiwa salama salimini. Tulipofika katikati, taa zikawaka! Sijawahi kuuchukia umeme kiasi kile. Nikaganda. Yeye hakuganda: alivuta kitenge chake cha begani, akanifunika kichwa gubigubi.

"Kushoto," akaamuru. "Ngazi. Ngazi nyingine. Polepole baba, usije ukaniua."

Tangu nimuoe binti yake, alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Nikaanza kucheka humo ndani ya kitenge, naye mgongoni akacheka, akanitikisa kuliko ardhi ilivyonitikisa.

Uani tulipokewa kwa vigelegele kama bibi harusi. Mke wangu alilia, akacheka, akalia tena. Jengo halikuanguka. Mama mkwe aliketi kwenye gunia la maharage, akalitazama anga kwa muda mrefu, akiwa na furaha ya wazi usoni. Niliiona kupitia upenyo wa kitenge.

Kesho yake asubuhi maji ya ndoo yakatetemeka kidogo. Sauti ikatoka chumbani:

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako hili huenda ni tetemeko. Achuchumae."

Lilikuwa lori, na nyumba nzima ilijua. Kitenge kilikuwa tayari kimening'inizwa mlangoni. Nikajifunika, nikachuchumaa.