Protini Iliyozoea Kugombezwa

Katika maabara ile hakuna aliyejua mambo yalianzaje, ila kila mtu angekula kiapo kwamba protini ya kirusi, ile ya kutengenezea chanjo, haitoki bila kugombezwa. Ilitengenezwa ndani ya bakteria, ikapitishwa na uchafu wake wote kwenye bomba lenye chujio. Uchafu ulioshwa ukaenda zake, protini ikabaki imeng'ang'ania. Hapo ndipo ilipomiminiwa maji ya chumvi ya kuibandua, na hapo ndipo Mama Ukali alipoanza kuisema.

Jina hilo alibandikwa na wenzake. Nyumbani alikuwa mpole hadi kero: alirudi sauti imemwishia, akala kimya, akalala. Mumewe, fundi cherehani, akawa anazungumza na cherehani.

Sasa siku ya fungu la mwisho la protini, koo likamkauka kabisa. Fungu hilo likiharibika, chanjo haina cha kujaribiwa nacho, na kitengo kinafungwa. Maji yakamiminwa, protini ikatulia tuli. Mkuu wa maabara akajaribu kuigombeza, lakini malezi mema yalimponza, akaanza na samahani. Mlinzi naye alitukana mpaka akatolewa nje. Wapi!

Ndipo mume akatokea mlangoni na dawa ya koo. Kabla hajajieleza, walimvika koti jeupe wakamsimamisha mbele ya bomba, ndani ya chumba cha baridi. Akaliinamia.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema taratibu. "Wewe unaongeleshwa kutwa. Mimi naletewa mwili tu, tena umechoka. Nimenyamaza kwa sababu wanasema utaokoa watu. Haya, waokoe. Lakini niachie mke wangu."

Tone likadondoka. Likafuata jingine, kisha yakawa mfululizo. Walipoipima, ulitokea mstari mmoja tu wa buluu, hauna hata doa pembeni, ishara kwamba protini imetoka safi. Mkuu alifurahi kupita kiasi, akamwomba shemeji awe anakuja kila wiki, hata kitambulisho atapewa.

"Hapana," fundi akajibu. "Yangu nimeshayasema."

Mama Ukali alikuwa kando, machozi yakimlowanisha barakoa. Aliona haya, na aliumia. Alitaka kusema kitu, sauti ikagoma. Akavua glavu, jambo lililokatazwa mle ndani, akamshika mumewe mkono.

Mume akashtuka, akaufunika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe huwa unapata baridi hivi?" akauliza.

Akaitikia kwa kichwa.