Chapa Kwenye Gitaa la Meshaki

Karakana ya shamba la mkonge ilipofungwa na mafundi kupunguzwa kazini, wengi pale Kilosa walikimbilia kuuza mitumba. Meshaki hakwenda huko. Yeye alikuwa mtoto wa Mathayo seremala, na milango ya Mathayo hadi leo mtu huifunga kwa kidole kimoja. Alishika randa ya marehemu baba yake, akaanza na viti, akaja vitanda, na mwaka 1994 ikamfikia kazi ambayo hata babaye hakuwahi kuigusa. Deogratias, mpigaji muziki wa hoteli mpya kule Mikumi, alitaka gitaa kavu, lisilo la umeme, la kutengenezwa kwa mkono.

"Liwe na nakshi, fundi. Mtu akiliona asiseme limetoka Japani."

Meshaki alilihangaikia miezi mitatu. Mgongo ulikuwa wa mninga, ubao wa vidole, zinapobanwa nyuzi, wa mpingo. Kwa ajili ya nakshi alichemsha mifupa ya miguu ya ng'ombe, akaianika mpaka ikawa nyeupe, akaikata kwa msumeno mwembamba. Mchoro aliuona mnadani, ubavuni mwa fahali: miezi michanga miwili iliyopeana mgongo. Ulimpendeza. Akapachika michoro minane kuzunguka tundu la sauti.

Zikiwa zimebaki siku mbili Deogratias aje, mzee Ntutu, mfugaji wa upande wa Masanze, alifika kutaka mpini wa shoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha kunasa kwenye gitaa. "Huyu ni wangu."

"Nani, mzee?"

"Huyu wa mbao. Ana chapa yangu. Ng'ombe mwenye chapa hii, hata akikutwa Morogoro mjini, ni wa Ntutu."

"Mzee, gitaa halili majani!"

"Lakini lina chapa. Mara nane!"

Wapita njia wakaanza kusogea. Mmoja akauliza nani kaibiwa ng'ombe, na neno hilo likamchoma Meshaki. Tangu enzi za babu yake hakuna wa nyumba ile aliyewahi kuitwa mwizi, na kesho habari zingekuwa zimefika sokoni zikiwa na mikia na pembe.

Tabea, mkewe, alichungulia mlangoni. "Baba Happiness, ulikuwa unapamba gitaa au unaswaga mifugo ya watu?"

Watu wakacheka. Meshaki hakucheka. Alichukua patasi, akaiweka kwenye ukingo wa mfupa wa kwanza. Alijua kwamba uso wa gitaa ni mwembamba kama biskuti, na mfupa ukibanduka utaondoka na ubao. Miezi mitatu ingekwenda na maji. Hata hivyo, afadhali gitaa livunjike kuliko jina.

Ntutu akamshika mkono. "Unafanya nini?"

"Natoa mali yako, mzee. Niliona pambo, sikujua ni jina la mtu."

Mzee akaisukuma patasi kando.

"Chapa haitolewi," alisema. "Huko ni kuchuna mnyama angali hai. Kwetu, kijana akikabidhiwa ng'ombe wake, haachi chapa ya baba. Anaiongezea mstari mmoja chini. Hapo kila mtu anajua katoka wapi, na kwamba hakuiba."

"Na mimi niongeze?"

"Mimi nakaa hapa, shahidi wako. Ongeza."

Akakaa kweli, juu ya gogo la mninga, asiondoke mpaka mstari wa nane ulipokauka gundi. Kisha akawageukia waliobaki. "Nani alitaja wizi? Huyu nimemkabidhi chapa mwenyewe." Akachukua mpini wake, akaenda zake.

Jumamosi Deogratias alipokuja, Meshaki hakumpa gitaa kabla ya kumsimulia kisa chote. Mpigaji alicheka hadi akajifuta machozi, akakaza nyuzi, akapiga. Sauti ikatoka nene, imetulia.

"Mpigaji mwenzangu naye atataka la kwake," alisema. "Mwekee mchoro mwingine, hata ule wa ng'ombe wa kule Lumuma."

"Nitamwekea," Meshaki akajibu, "nikishamwamkia mwenye chapa na kumwomba."