Maembe Juu ya Uso

Kila asubuhi, akitoka kuswali alfajiri, Famau hulowesha ncha ya kitambaa akaipangusa picha ya maembe iliyotundikwa ukutani nyumbani kwake, mtaa wa Langoni, kisiwani Amu. Huanzia pembeni, akazunguka polepole. Katikati hagusi.

Jirani yake, Bi Hindu, akija kuomba kaa la moto humtania: "Bwana Famau, maembe yako hayajaiva tu? Tutakufa hatujayaonja!"

Famau hacheki. Anayecheka ni Nana, binti yake, kwa kumstahi jirani. Lakini Nana anajua kilicho chini ya maembe yale: uso wa mama yake.

Famau alianza kazi ya rangi kwa kuchora macho ya vyombo vya baharini, kwenye omo, kule mbele. Fundi wake alimwambia jicho analochora linatazama kweli, na maneno hayo yakamlevya. Akaenda Mombasa, kwa Mgoa mmoja aliyekuwa akitia rangi picha za watu, akajifunza kivuli cha pua na unyevu wa mdomo. Aliporudi Amu, matajiri walimwita awachore, kisha picha wakazificha katika vyumba vya ndani.

Uso wa mwanamke wa watu hakuruhusiwa kuutazama. Wa mkewe, Mwanamkisi, aliruhusiwa. Akamchora juu ya ubao, ameketi ukumbini bila ukaya wa kujifunika, anataka kucheka. Hakupata kuchora kitu kizuri kuliko hicho.

Mwanamkisi alifariki Nana akiwa bado ananyonya. Baba wa marehemu, Mzee Bwanamkuu, alikuja kutoka Pate na jamaa zake kwa ajili ya khitma. Alipoiona picha alisimama mlangoni.

"Famau, nyumba yenye sura malaika hawaingii. Mwanangu hasomewi hapa mpaka hiyo ichomwe."

"Usiichome, baba. Nitaifunika."

Akaipaka chokaa. Kuta zote za Amu hupakwa chokaa, na baada ya masika kadhaa hubanduka yenyewe. Akadhani na hii itabanduka siku atakayotaka. Juu yake akachora maembe. Mzee akaridhika, khitma ikasomwa.

Tangu hapo Famau hakuchora uso tena. Alichora maembe, komamanga, dele la kahawa, changu juu ya sinia. Wazungu wachache walinunua. Kisha mpiga picha mwenye kamera akafungua duka karibu na gati, na hata matajiri wakamsahau Famau. Sasa anaandika majina ya maduka milangoni. Lakini tangu utoto wa Nana alimwahidi jambo moja: "Siku ya arusi yako nitakuonyesha mamako."

Nana alipoposwa, mwaka wa hamsini na saba, hakuuliza habari za nguo wala dhahabu. Alihesabu siku ya kuiona sura ile. Hakuwa na sura nyingine ya mama yake, wala hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Asubuhi ya arusi Famau aliiteremsha picha, akaweka ubao magotini, akaanza kukwangua kwa kisu chembamba. Embe la kwanza likatoka. Chokaa ikatoka, na rangi ya chini ikatoka pamoja nayo, laini, kama sabuni iliyosahauliwa majini. Akahamia upande wa pili. Ni hivyo hivyo. Chokaa ilikuwa imeyala mafuta ya rangi miaka yote ile. Hakuacha kukwangua mpaka kisu kikagonga mbao tupu, na magotini pake pakajaa unga wa kijivu.

Nje, wanawake walikuwa wamekwisha kuanza vigelegele. Bi Hindu aliita kwamba mwenye kutia hina anangoja.

Nana, aliyekuwa amesimama kando akitazama, alipiga magoti, akakung'uta ule unga kwenye kanzu ya babake.

"Baba, huwezi kumchora tena, hata kwa kukumbuka?"

Famau aliutazama ubao.

"Siwezi, mwanangu. Uso wake nimeusahau zamani."